Nani Anashika Geti

Kibarua wa gati za Kilindini, Mombasa, katika miaka ya 1930 alikuwa na kitu ambacho karani wa serikali, pamoja na koti na kalamu yake, hakuwa nacho: aliweza kuamka asubuhi akaamua leo haendi kazini, na kesho yake akaenda bila ya kuulizwa jana alikuwa wapi. Alilipwa kwa siku. Akishapata pesa za chakula, kodi ya chumba Majengo na kidogo cha kupeleka kwao, aliweza kupumzika, au kwenda kupalilia mihogo yake huko Kwale, kisha akarudi meli zilipofuatana. Wengi walikuwa Wamijikenda wa vijiji vya karibu. Wengine Washihiri waliovuka bahari kutoka Hadhramaut. Wengine Wajaluo na Wakamba walioteremka kwa reli. Hali yao ilikuwa duni, hilo halina ubishi, na gunia la simenti halina huruma na shingo ya mtu. Ila walikuwa na pa kukimbilia.

Naanza na mtu huyu kwa sababu mjadala wetu wa ajira umekaa upande mmoja. Kwenye mikutano ya Mei Mosi, kibarua ni ugonjwa na ajira ya kudumu ni dawa, na lawama yote inaangukia soko huria la miaka ya karibuni. Kwa sehemu ni kweli. Lakini ukiifuata historia ya bandari zetu utakuta kwamba ajira ya kudumu, kwa makuli wa pwani hii, ililetwa na serikali ya kikoloni yenyewe, na iliileta kwa hofu yake. Kibarua alikuwa anaitisha.

Alitishaje? Kwanza kwa mahali alipokaa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo pamba ya Uganda na kahawa ya Kenya zilitokea Kilindini, na mashine, mafuta na nguo zikaingilia hapohapo. Watu elfu chache wakiweka mikono mfukoni, nchi mbili zilisimama. Meli inayosubiri gatini inakula fedha za mwenyewe kila saa. Pili, sheria haikuwa na pa kumshikia. Sheria za mabwana na watumishi zilimfanya mtoro wa mkataba kuwa mhalifu: aliyesaini kazi ya miezi shambani akaondoka kabla ya siku zake aliweza kufikishwa mahakamani. Mtu wa kutwa moja hana mkataba wa kuvunja. Jioni akishalipwa, hadaiwi. Asiporudi asubuhi, amefanya kosa gani?

Ndiyo maana migomo ya mwanzo ya bandarini ilianza kimyakimya na ikawachanganya maofisa. Mombasa makuli waligoma mwaka 1934. Julai na Agosti 1939 mgomo ulianza kwa vibarua wa Idara ya Ujenzi, waliodai posho ya nyumba, ukaambukiza mji mzima hadi bandarini. Mwezi huohuo wa Julai vibarua wa bandari ya Dar es Salaam nao wakagoma. Wenzao wa mshahara wa mwezi hawakuwafuata, na mgomo ukashindwa. Hakuna chama cha makuli kilichoandikishwa kilichoongoza haya, na aliyetafuta katibu wa kumkamata hakumpata. Watu walijuana kwa chumba, kwa kabila, kwa genge la kazi na serahangi wao, na habari ilitembea kwa njia hizo hizo.

Mgomo uliobadilisha kila kitu ulikuja tarehe 13 Januari 1947. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vyakula na nguo, vyumba vya Mombasa vimejaa hadi barazani, na mishahara imebaki nyuma. Wafanyakazi wapatao 15,000 walikaa chini kwa siku 12: makuli, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, wapishi wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja ambao waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Katika mikutano hiyo ndipo ulipozaliwa muungano wa wafanyakazi Waafrika chini ya Chege Kibachia, kijana kutoka Kiambu. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, aliteremka pwani kuwashawishi warudi kazini kwa ahadi ya baraza la kusikiliza madai yao. Walirudi. Mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa Jaji Ransley Thacker, ambaye miaka mitano baadaye angeketi Kapenguria kumhukumu Jomo Kenyatta. Ulimwengu wa wakubwa wa kikoloni ulikuwa mdogo sana. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa akapelekwa uhamishoni Baringo.

Mengi yameandikwa kuhusu mashujaa wa mgomo huo, na wanastahili. Kinachonivutia zaidi ni mazungumzo yaliyofuata ndani ya ofisi za serikali. Frederick Cooper, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeichunguza bandari ya Mombasa kwa undani kuliko mtu yeyote, ameonyesha jinsi maofisa walivyoacha kulaumu mshahara peke yake wakaanza kumlaumu kibarua mwenyewe. Kwa macho yao mji ulikuwa umejaa watu wasiojulikana, wanaofanya kazi leo hapa na kesho pale, wasiokuwa na cha kupoteza. Mgomo wa makuli ulikuwa mgomo wa mji mzima kwa sababu makuli na mji vilikuwa kitu kimoja. Dawa ikawa kuwatenganisha: wachache waandikishwe, walipwe vizuri, wapewe nyumba, wakae na wake zao, wazeeke wakiwa na akiba ya kupoteza. Waliobaki warudi mashamba.

Wazo hilo halikuzaliwa Mombasa. Waingereza walikuwa wamepambana na vibarua wa bandari zao wenyewe tangu mgomo mkuu wa London wa mwaka 1889, ambapo makuli wa huko walidai pensi 6 kwa saa na wasiitwe kazini kwa muda usiofika saa 4. Mwaka 1947, mwaka uleule wa Kiwanja cha Maskini, Uingereza iliweka mpango wa taifa wa kuandikisha makuli na kuwalipa kitu hata siku isiyo na meli. Maofisa kazi waliotumwa makoloni walikuja na mpango huo kichwani.

Na kulikuwa na mfano wa karibu zaidi, tena wa watu wanaosema Kiswahili. Katanga, Kongo, kampuni ya madini ya Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuachana na wachimbaji wa msimu. Iliwapa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu waje na wake, ikawajengea kambi zenye shule na zahanati. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara: mfanyakazi anayekufa au kuondoka mapema ni hasara, anayezoea mashine ni faida, na mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Lakini Desemba 1941 wachimbaji hao waliotulizwa kwa nyumba na shule waligoma, na tarehe 9 wanajeshi wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Waliuawa makumi ya watu. Waliokuwa wakiamini kwamba ajira ya kudumu huua migomo walikuwa na ushahidi huo mbele yao mapema, na hawakuutazama.

Turudi pwani. Kuanzia mwishoni mwa vita hadi katikati ya miaka ya 1950, Mombasa ilibana hatua kwa hatua. Kibarua akapewa kadi. Asiye na kadi haruhusiwi kuingia gatini. Kisha mwenye kadi akatakiwa atimize idadi fulani ya siku kwa mwezi, asipotimiza anafutwa. Utaona kilichotokea hapo: yule wa Kwale, aliyekuwa akigawa mwezi wake kati ya meli na mihogo, alilazimishwa achague kimoja. Malipo yalipanda, hilo ni kweli, na yalipanda sana baada ya mgomo wa makuli wa Machi 1955, ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi akiwa bado kijana wa miaka 24, alikwenda kuusuluhisha akajipatia jina. Kuli wa miaka ya mwisho ya ukoloni alilipwa kuliko vibarua karibu wote wa nchi. Gharama ya mafanikio hayo waliibeba wale ambao majina yao hayakuandikwa, na hawa hawana mnara wala kitabu.

Dar es Salaam hadithi ilikuwa na makali zaidi. Huko hapakuwa na gati za maji marefu hadi mwaka 1956. Meli zilitia nanga katikati ya bandari na mizigo ikashushwa kwa tishali, kazi ya hatari na ya mikono mingi. Septemba 1947 makuli waligoma, watu wa reli wakaungana nao, na mgomo ukapanda na njia ya treni kwenda bara, hadi kwenye miji ambayo haikuwa na habari na bahari. Walishinda nyongeza kubwa, wakaunda chama chao, chenye nguvu na ukali. Kisha makampuni yakaja na mpango wa kudhibiti uandikishaji wa vibarua, yaani kuamua nani apite na nani asipite. Chama kikaukataa. Februari 1950 mgomo ukageuka kuwa mapambano na polisi, na chama kikavunjwa mwaka huohuo.

Nadhani wazee wale waliliona jambo tunalolikosa sisi. Hawakuwa wakipinga usalama wa kazi, nani asiyeutaka? Walijua kwamba anayeshika orodha ndiye anayeshika kazi. Kama orodha iko mikononi mwa chama, kuandikishwa ni ngao. Ikiwa mikononi mwa kampuni, ni kamba.

(Unguja nako makuli waligoma mwaka 1948 na kuusimamisha mji. Anayetaka kuonja jasho na harufu ya bandari ile asome riwaya ya Shafi Adam Shafi iitwayo Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Walimu wetu huifundisha kama habari ya mhusika Rashidi na dhamira zake, na wanafunzi wengi humaliza kidato bila ya kuambiwa kwamba mgomo ule ulitokea kweli.)

Uhuru ulipokaribia, geti lilibadilisha bawabu. Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria iliyofanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Kenya, mwaka huohuo, Tom Mboya aliyekuwa Waziri wa Kazi alisimamia mkataba wa maelewano kati ya waajiri, vyama na serikali, nao pia ukiwa na shabaha ya kupunguza migomo. Baada ya uasi wa askari wa Januari 1964, viongozi wengi wa vyama Tanganyika walikamatwa, shirikisho likafutwa na kuundwa NUTA, jumuiya moja ya wafanyakazi ya taifa, ambayo katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Kenya ilifuata kwa njia yake, COTU, shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi, ikaanzishwa mwaka 1965. Sisemi kwamba watu hawa walisaliti. Nchi changa yenye viwanda vya kuhesabika na bandari moja kubwa ilikuwa na sababu ya kuogopa gati lililofungwa. Lakini hoja walizozitumia zilikuwa zilezile za maofisa kazi wa Kiingereza: mfanyakazi wa mjini tayari ana nafuu kuliko mkulima, atulie.

Naye alipewa cha kumtuliza. Sheria ya mwaka 1964 ilimlinda mfanyakazi wa Tanganyika asifukuzwe ovyo, na kamati za wafanyakazi zikawekwa kazini. Baada ya Azimio la Arusha viwanda vikaongezeka, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kikawa fahari ya Ubungo. Hapa sasa ndipo historia inapomcheka yule ofisa wa mwaka 1947.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ndani yake ikawakemea viongozi wenye kiburi na tabia ya kudharau walio chini yao. Chama kilikuwa kikiwaza mapinduzi ya Idi Amin yaliyotokea Uganda mwezi uliotangulia. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliusoma waraka ule wakamwona meneja wao. Kwa zaidi ya miaka miwili viwanda vikafuatana kugoma, na ukiyatazama madai yao, kama msomi Issa Shivji alivyoyachambua, mshahara mara nyingi haukuwa wa kwanza. Walilalamikia matusi. Walilalamikia kupekuliwa, upendeleo, meneja anayetumia gari la kampuni kwa anasa zake. Mfanyakazi wa kudumu, aliyekwisha kupewa usalama wa kazi, alikuwa na muda wa kuuliza kwa nini anadharauliwa.

Na alibadilisha namna ya kugoma. Kibarua wa 1939 aligoma kwa kuondoka. Silaha yake ilikuwa kutokuwapo. Mtu wa 1973 hakuwa tena na mihogo ya kurudia, mtoto wake alisoma Magomeni, maisha yake yalikuwa pale kiwandani. Kwa hiyo akabaki ndani, akamtoa meneja. Katika viwanda kadhaa wafanyakazi waliwafungia mabosi geti. Juni 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda chenyewe na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Serikali iliyumba, mwishowe ikakubali. Wengine walipojaribu kuiga, ikasema basi. Polisi waliitwa, watu wakakamatwa na baadhi yao wakarudishwa vijijini kwao. Adhabu hiyo ya kumrudisha mtu wa mjini shamba ilikuwa ya kikoloni kabisa, na ilifanya kazi safari hii kwa sababu shamba lenyewe lilikuwa limeshakuwa adhabu.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana haina siri. Mgogoro wa uchumi, makubaliano na IMF mwaka 1986, ubinafsishaji wa miaka ya 1990, Urafiki kugeuzwa ubia mwaka 1996. Bandarini adui alikuwa mkimya zaidi. Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark nchini Marekani na makontena 58, na ndani ya miaka ishirini na kitu sanduku hilo likafika Kilindini na Dar es Salaam. Mzigo uliotaka magenge kadhaa na siku nyingi ukawa wa dereva wa kreni na karani. Nguvu yote niliyoieleza, ya kuziba njia ya nchi mbili kwa mikono mitupu, ilihama kutoka kwa wengi ikaenda kwa wachache wenye ujuzi wa mitambo, na kutoka kwao ikaenda kwa mwenye mkataba wa kuendesha kitengo. Mwaka 2023 tulipobishana juu ya kampuni ya DP World kupewa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30, maneno mengi yalikuwa juu ya ardhi na mamlaka ya taifa. Swali la nani ataajiri, kwa karatasi gani, na kupitia wakala yupi, lilisikika kwa sauti ndogo.

Kibarua amerudi, basi, lakini karudi mikono mitupu. Sheria zipo. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja ahesabiwe kuwa na mkataba na haki zake. Unaweza kukisia kinachotokea siku ya ishirini na tisa. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma baada ya usuluhishi wa siku 30, kura ya wanachama na taarifa ya saa 48, utaratibu unaomfaa mtu mwenye chama na mwajiri anayejulikana. Aliyeletwa na wakala kufunga maboksi kwa wiki mbili hana kimoja kati ya viwili hivyo.

Wanaofanana zaidi na makuli wa zamani kwa sura ni madereva wa programu za simu. Nao huamka wakaamua leo siingii, na makampuni huwasifia uhuru huo. Julai 2018 madereva wa Nairobi waligoma kwa njia ileile ya Kilindini: walizima simu. Tanzania ilijaribu kuwatetea kwa kanuni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilishusha kiwango cha juu cha kamisheni kutoka asilimia 33 hadi 15; Uber ikasimamisha huduma zake Aprili mwaka huo, na ikarejea mwaka uliofuata kiwango kilipopandishwa hadi asilimia 25. Aliyegoma kwa kuondoka safari hii alikuwa kampuni, na alishinda.

Kampuni hiyo haikuwa na meli iliyokuwa ikioza gatini. Haikuwa na kreni wala ghala mjini, na dereva hana pa kuifungia geti kama wale wa Mount Carmel, kwa maana gari si la kampuni. Mara nyingi si la dereva pia. Limenunuliwa kwa mkopo wa benki, au ni la bosi anayetaka hesabu yake kila siku, na hesabu hiyo haiangalii kama simu ilikuwa imewashwa au imezimwa.